Kitanda cha Mwalimu Kielekee Wapi

Mimi nikuambie kweli, siku ile niliamka nimechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaisha. Ni wa mgongo kuanza kulalamika kabla macho hayajafunguka, halafu unakumbuka kwamba chumba cha pili yupo mzee anakungoja umwinue, umpeleke msalani, umwogeshe, umrudishe, na ukishamrudisha atakuambia maji yalikuwa ya moto kupita kiasi.

Mzee mwenyewe ni baba mkwe wangu, Mwalimu Genzaburo. Hapa Yatsushiro hakuna asiyemjua. Maisha yake yote amefundisha kendo, kupigana kwa panga za mianzi, katika ukumbi ulioshikana na nyumba yetu, na waliopita mikononi mwake leo ni watu wazima wenye vitambi na vyeo. Wakikutana naye sokoni wanainama mpaka vitunguu vinawatoka kwenye mfuko. Kisha kikaja kiharusi. Kikamchukua mguu wa kulia na mkono wa kulia, kikamwachia ulimi mzima. Ningeulizwa mimi, ningepanga tofauti kidogo.

Tangu hapo wa kumbeba ni mimi. Mume wangu Yoshiharu yupo, simkatai, ana moyo mzuri, lakini anamwogopa baba yake tangu utotoni na hofu ile haijawahi kumtoka. Baba akikohoa, yeye anasimama wima. Mtu wa namna hiyo utampaje kazi ya kumvua baba yake nguo? Vifungo vinamshinda, na mzee naye anakasirika, na mwisho wa yote ni mimi nitakayeitwa. Mara ya mwisho mimi na mzee tuliteleza bafuni, mimi chini, yeye juu yangu, na kitu fulani kiunoni mwangu kikalia kama kijiti kikavu. Daktari alizitazama picha za mgongo wangu kwa muda mrefu, akasema, "Mama, ukianguka tena hutambeba mtu. Utabebwa wewe."

Nikaanza kutafuta nyumba ya kulelea wazee. Unadhani ni rahisi? Kila chumba kina foleni, na foleni yenyewe haisogei mpaka mtu afe. Nafasi ilipopatikana ng'ambo ya mto, chumba cha mikeka sita, maana huku vyumba tunavipima kwa mikeka, nilikaa chini nikalia kwa furaha, halafu nikaona aibu kwa kufurahi, halafu nikaenda kumwogesha.

Tulimwambia wakati wa kifungua kinywa. Nasema tulimwambia, lakini aliyesema ni mimi. Yoshiharu alikuwa ameinamia bakuli la supu kana kwamba kuna kitu amedondosha mle. Mzee alitafuna kachumbari yake ya figili mpaka ikaisha. Akaweka vijiti vyake chini.

"Nitakwenda kukitazama," akasema. "Nikiona ni chumba cha mtu, nitakaa, na hamtasikia neno langu. Nikiona si chumba cha mtu, mtanirudisha nyumbani siku hiyo hiyo, na habari hii haitatajwa tena mpaka mnizike. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba," akasema Yoshiharu, akiliambia bakuli.

Sasa mnielewe. Mwalimu Genzaburo hajawahi kuvunja neno lake, na hilo ndilo lililonitia baridi. Angesema ndiyo, ningelala usingizi. Angesema hapana, ndiyo basi tena. Ningembeba mpaka mmoja wetu aanguke asiinuke. Na wenye nyumba ile walikwisha kuniambia kwamba asipohamia siku tuliyokubaliana, chumba watampa wa nyuma yetu.

Chumba cha mtu, kwake, maana yake ni chumba chenye shubaka. Mahali pa heshima, upande ulio mbali na mlango, pa kutundika gombo la maandishi na kuweka ua moja, na mbele ya hapo ndipo anapokaa mgeni mkubwa. Chumba kisicho na mahali hapo, kwake ni stoo ya mchele. Na chumba nilichopewa, niwaambie, kilikuwa cheupe kuta zote, kina kitanda cha umeme chenye magurudumu, kabati, sinki, na pazia lenye picha za bata wadogo. Nilipoliona lile pazia nilijisemea, Hisayo, umekwisha.

Basi siku yenyewe tukaondoka asubuhi, mimi na Yoshiharu, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Mzee tulimwacha na jirani. Gari la nyumba ya wazee lingemfuata mchana. Tulibeba mikeka kutoka chumba chake, ile ya nyasi za mashamba ya huku kwetu, ili akiingia tu anuse kwao. Tulibeba kofia yake ya mazoezi yenye vyuma vya usoni na deraya yake ya kifua iliyopauka. Tulibeba panga mbili za mbao, mmoja mrefu mmoja mfupi, kwa sababu za chuma hawakuruhusu hata kwa mapambo. Na juu ya yote, sanduku lenye gombo la mwalimu wake, nililolipakata mwenyewe njia nzima.

Gombo hilo lina maneno manne. Ni manne kwa kukisia, kwa kuwa aliyeyaandika aliuachia mkono ukimbie na wino ukakimbia nao. Hakuna mtu katika familia anayeweza kuyasoma. Niliwahi kumwuliza mzee nikiwa bibi harusi mpya, akanijibu, "Anayehitaji kuuliza bado hajafika." Sijauliza tena.

Yoshiharu alipita dukani njiani akarudi na ua. Ua zuri sana la zambarau, kwenye chungu chake na udongo wake.

"Yoshiharu," nikamwambia, "wewe umezaliwa wapi?"

"Kwani lina nini?"

"Mgonjwa anapelekewa ua la chungu? Lenye mizizi? Ili naye aote mizizi kitandani?"

Uso ukamshuka, akalirudisha garini. Nilimwonea huruma. Na kusema kweli, kuota mizizi ndicho hasa nilichokuwa nakitaka, lakini huwezi kuliweka wazi namna hiyo mbele ya mgonjwa.

Tukaanza kazi. Ukutani hauruhusiwi msumari, kwa hiyo nilichukua ile nguzo ya kubana ya kuanikia nguo ndani wakati wa mvua, nikaizungushia kitambaa cha rangi ya mti, nikaibana pembeni kabisa, ukuta wa mbele ukiingia mlangoni. Gombo likaning'inia pale limenyooka. Chini yake nikaweka rafu fupi, juu ya rafu chombo cha udongo na ua moja la porini nililolikata mtoni. Pazia la bata nikalivua, nikaweka la kitani. Mhudumu wa pale, binti mmoja anaitwa Nagamine, mchangamfu, mwenye mikono yenye nguvu niliyoitazama kwa wivu, alitusaidia kutandika mikeka kuzunguka kitanda.

"Jamani, chumba kimekuwa kama hoteli!" akasema.

"Asikusikie akija," nikamwambia.

Yoshiharu nikampa panga za mbao aziweke kwenye kibao chake. Nilipogeuka nikaona amezielekeza mipini upande wa kulia.

"Tunapigana na nani?" nikamwuliza.

"Eh?"

"Mpini kulia, mkono wa kulia unaunyakua mara moja. Ndivyo unavyowekwa adui akiwa mlangoni. Nyumba ya amani mpini unakuwa kushoto. Mimi nisiyewahi kushika upanga ndiye nikufundishe wewe, mtoto wa Mwalimu?"

"Si za mbao tu, Hisayo."

"Mwambie baba yako hivyo akija."

Alizizungusha haraka, jasho likamtoka. Alisoma kendo miaka michache akiwa mdogo, halafu akahamia mpira wa meza, na baba yake hajawahi kumuuliza alishinda au alishindwa.

Mwisho nikakisukuma kitanda kando ya dirisha, kichwa kikae juu, yaani upande wa heshima, jirani na gombo, ili mzee akilala awe karibu na mwalimu wake. Niliona nimepata wazo zuri kupita yote. Nilitandika shuka, nikapiga mto ukaumuka, nikasimama mlangoni kutazama. Na mimi ambaye sijisifu nilijisifu. Kilikuwa chumba cha mtu. Mgongo ulikuwa unawaka moto, miguu imevimba, lakini kwa mara ya kwanza nilithubutu kufikiri kesho asubuhi nitalala mpaka jua lipande.

Akaletwa mchana, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la sherehe. Nagamine alikuwa anamsukuma.

"Haya Babu, tumefika kwetu!"

"Mimi si babu yako," akasema. "Sina mjukuu mkubwa hivyo."

"Sawa, Mwalimu," akasema Nagamine, wala hakukunja uso. Nikampenda palepale.

Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, kiti kikasimama kizingitini. Akaanza kutazama. Mnajua anavyotazama? Alikuwa akitazama wanafunzi vile vile kabla ya pambano, kutoka chini kwenda juu, na mtu anajikuta anarekebisha mkanda bila kuambiwa. Alitazama mikeka, mishono yake imelaliana sawa. Alitazama kofia na deraya. Alitazama panga, mipini kushoto. Alitazama ua. Alitazama gombo, na hapo akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya kila asubuhi nyumbani.

"Hm," akasema.

Msichukulie kwamba ni neno dogo. Siku niliyozaa mtoto wetu wa kwanza baada ya kuteseka usiku na mchana, alikuja hospitali akasema "Hm." Yoshiharu alinitazama, macho yamemjaa matumaini.

"Tukupandishe kitandani upumzike, Mwalimu?" akauliza Nagamine.

Mzee alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Milima ile," akasema, "ni ipi?"

"Ni milima yetu Baba, ya siku zote," nikasema.

"Iko upande gani?"

Na mume wangu, maskini, kwa furaha ya kuulizwa kitu anachokijua, akajibu kwa sauti, "Mashariki, Baba!"

Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya. Milima ni mashariki, kwa hiyo dirisha ni mashariki. Dirisha likiwa mashariki, ukuta wa gombo ni kaskazini. Na mto wa kitanda, mto nilioupiga ukaumuka, uko kaskazini. Kwetu sisi anayelazwa kichwa kaskazini ni mmoja tu, naye hahitaji blanketi. Mama mkwe alipofariki, aliyeligeuza godoro lake ni mimi, kwa mikono hii hii. Najua vizuri. Lakini kwenye jengo lile unaingia mlango huu, unapanda lifti, unakata korido mara kulia mara kushoto, na mimi akili yote ilikuwa kwenye mipini ya panga.

"Hisayo," akasema mzee, taratibu. "Umenitandikia kitanda cha maiti."

"Baba, nisamehe! Niligeuzwa na lifti..."

"Tunakigeuza!" akasema Yoshiharu. "Dakika moja tu, Baba, tunakigeuza!"

Nagamine akafungua breki za magurudumu, tukakizungusha, mto ukaja upande wa mlango, miguu ikaenda ukutani. Tukasimama tunahema. Mzee akatazama kitanda, akatazama gombo, akatazama kitanda.

"Nilale nimnyooshee mwalimu wangu nyayo usoni?"

Loo. Hata hilo sikuliona.

"Tulihamishe gombo," akasema Yoshiharu. "Hapa upande wa... hapana, hapa kuna kabati. Hapa?"

"Hapo ni sinki," nikasema.

"Basi huku, karibu na..."

"Huko ni choo, Yoshiharu."

"Mwalimu wangu," akasema mzee, "mumtundike chooni."

"Hapana Baba, sikusema chooni, nilisema karibu na..."

"Nyamaza."

Tukajaribu kukiweka kitanda kukingama katikati, kichwa kwenye kabati. Nagamine akapima kwa macho akatikisa kichwa: kiti cha magurudumu hakipiti kwenda msalani. Tukakirudisha. Magurudumu yalikuwa yanaukwaruza mkeka wangu, na kila tukisukuma kiuno kilikuwa kinanichoma mpaka machozi yananitoka, nikayafuta kwa bega wasione.

Ilibaki sehemu moja tu, na sote tulikuwa tunaiona, na hakuna aliyetaka kuitaja. Kukingama palepale mlangoni. Kichwa hakiko kaskazini, miguu haimwelekei mtu. Lakini mlangoni! Mahali pa mtu wa chini kuliko wote, anayekaa upepo unapoingia, anayevukwa na kila apitaye. Mzee huyu aliwahi kuondoka kwenye karamu ya wakubwa wa mji kwa sababu walimkalisha nafasi mbili chini ya anayostahili. Ungemwambiaje?

Yoshiharu akajikaza. "Baba, siku hizi watu hawayajali sana mambo haya."

"Watu gani?"

"Watu tu... watu."

"Walete hapa niwaone."

Halafu mzee akaweka mkono wake wa kushoto juu ya goti.

"Haya. Nimekiona. Mmejitahidi. Nirudisheni nyumbani."

Ndiyo ikawa hivyo. Alisema kwa upole kabisa, bila hasira, na upole ule ndio ulionimaliza. Nagamine akainamisha uso. Yoshiharu akaenda kushika vishikio vya kiti, kama kawaida yake, baba amesema. Na mimi nikakaa chini pale pale kwenye mkeka, katikati ya chumba, miguu nimeinyoosha mbele bila adabu, kama mtoto.

"Sikurudishi," nikasema.

"Hisayo!" akasema Yoshiharu.

"We niache. Baba, sikurudishi. Nimechoka. Sijachoka leo, nimechoka mwaka mzima. Ukilala juu kule umekufa. Ukilala huku umemtukana mwalimu wako. Ukilala mlangoni umekuwa mtu wa chini. Sehemu ni hizo, mimi sikujenga jengo hili, na dunia sikuipanga mimi. Nikikurudisha nyumbani nitakuangusha. Si labda. Nitakuangusha, na utavunjika, na mimi nitavunjika, na huyu," nikamwonyesha Yoshiharu kwa kidole, Mungu anisamehe, "huyu atasimama wima kati yetu hajui amshike nani. Na hilo gombo lako la kuogopwa na kila mtu, hata hatujui limeandikwa nini!"

Nilikuwa napiga kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele yake tangu niolewe. Koridoni mzee mmoja wa chumba cha jirani alichungulia, akaona, akarudi ndani na kufunga mlango polepole.

Mwalimu Genzaburo alinitazama. Alianza chini kwenda juu. Soksi zangu. Magoti. Mkono niliokuwa nimeubana kiunoni, na blauzi iliyopanda nyuma pale nilipokaa vibaya, na plasta za dawa ya kuchua zilizopangana mgongoni mwangu mpaka mbavuni. Nilivuta blauzi, lakini alikwisha kuona.

"Hizo ni za nini?"

"Za mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu bafuni. Kabla ya bafuni."

Akanusa kidogo.

"Ile harufu ya dawa nyumbani," akasema. "Nilidhani inatoka kwangu."

Mtu amelala na harufu ya maumivu yako akidhani ni yake. Nilihisi uchungu, na nilihisi hasira pia, kwamba kwa macho yale yanayoona mshono wa mkeka uliokaa vibaya, mgongo wangu hakuwahi kuuona. Vyote viwili nilivihisi kwa pamoja, sitadanganya.

"Na gombo," akasema, "hata mimi sijui limeandikwa nini. Mwalimu alikuwa amelewa."

Yoshiharu alitoa sauti ambayo sijui ilikuwa kikohozi au nini. Nagamine aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika.

"Yoshiharu."

"Naam, Baba!"

"Kitanda. Mlangoni."

"Baba, lakini pale ni mahali pa..."

"Najua ni mahali pa nani, nilikufundisha mimi. Sasa nijibu. Mgeni akija nyumbani kwa mtu, mgeni anakaa wapi?"

"Juu, Baba. Mbele ya shubaka."

"Na mwenye nyumba?"

Yoshiharu akageuka kutazama mlango. "Mlangoni," akasema.

"Basi. Unangoja nini?"

Wakakisukuma, yeye na Nagamine. Mimi sikusaidia, nilibaki chini. Kikaingia pale kukingama karibu na mlango, kwa kipimo, kiti cha magurudumu kinapita, mlango unafunguka. Nagamine akamkumbatia mzee kwa ile mikono yake, akamwinua kama si kitu, akamkalisha kitandani na kumwekea mito nyuma. Niliangalia jinsi ilivyokuwa rahisi. Mzee akavuta koti lake likakaa sawa. Akatazama chumba chake kutoka pale, kizima, mpaka kwenye gombo.

"Leteni chai," akasema.

Nagamine akaleta buli na vikombe kwenye sinia, akaviweka kwenye meza ya kitanda. Nami kwa mazoea nikaanza kujiinua, mkono mmoja sakafuni, kiuno kinalia, nije nimimine.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kumimina chai, Baba."

"Kaa kule." Alinyoosha kidevu kuelekea mbele ya gombo.

Nikatazama nyuma, nikidhani anasema na mwingine. Mahali pale mimi sijawahi kukaa. Nyumbani hata nikipafuta nilikuwa napafuta nimepiga magoti pembeni. Alikaa mkuu wa polisi pale, alikaa kasisi, alikaa mume wangu siku moja ya mwaka mpya, akiwa amekunja mikono kwa woga.

"Baba, mimi hapa hapa panatosha."

"Hapatoshi. Hapa ni kwangu. Mgeni wangu hakai katikati ya njia."

Nikaenda. Nilitambaa, siwezi kusema nilitembea. Nikakaa mbele ya gombo la mlevi, panga ziko ubavuni kwangu, ua liko begani, uso umeelekea mlangoni, na kutoka pale nikamwona vizuri, mzee mdogo kuliko nilivyodhani, kwenye kitanda cha umeme. Amekubali. Amekaa. Ningelala kesho mpaka jua lipande. Na papo hapo nikaelewa kwamba mgeni ni mtu anayenywa chai kisha akaaga akaenda zake, na kwamba nimekuwa binti wa nyumba yake miaka yote hiyo na sasa amenitoa, kwa heshima zote, kwa mkono wake mwenyewe. Nikalia. Sikujificha kwa bega safari hii.

Mzee alilishika buli kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hajawahi kuufunza kazi hii, akaanza kumimina. Chai ikagonga ukingo wa kikombe, ikaruka, ikamwagika kwenye meza, ikachuruzika mpaka kwenye mkeka. Yoshiharu akaruka na kitambaa.

"Acha," akasema mzee, hakumtazama.

Akamimina mpaka kikombe kikajaa. Nagamine akaniletea mkononi, kimelowa nje, kinaunguza vidole. Chini ya kitanda maji ya chai yalikuwa yanaingia kwenye nyasi, na doa la chai kwenye mkeka usipolifuta mara moja halitoki tena, hilo mimi ndiye ninayelijua kuliko wote mle ndani. Nililitazama likipanuka. Nikanywa chai yangu ikiwa bado ya moto.